Nani Ana Haki ya Kumfedhehesha Mwenzake? Tafakuri juu ya Sinema Bubu ya Mwaka 1926



Ipo sinema moja ya kale ambayo kila ninapoitazama hunirudisha kwenye swali lile lile la uraia. Ni sinema bubu, iliyotengenezwa kabla ya sauti kuenea katika filamu. Waigizaji hufumbua vinywa lakini husikii neno, na maneno machache yaliyo ya lazima huandikwa kwenye vibao vinavyojitokeza katikati ya picha. Jina lake ni The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu. Ilitolewa mwaka 1926 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani, ikaongozwa na Mswidi Victor Sjöström, ambaye Wamarekani walizoea kumwandika Seastrom. Mhusika mkuu, Hester Prynne, anaigizwa na Lillian Gish, mmoja wa waigizaji mashuhuri kabisa wa enzi ile. Kisa kimetolewa katika riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyochapishwa mwaka 1850.

Huenda ukaniuliza: mwalimu wa Kiswahili na uraia ana shughuli gani na mapenzi ya watu wa Boston wa karne ya 17? Nivumilie kidogo. Nitakusimulia kwanza, kisha tutaulizana.

Hester ni mshonaji kijana anayeishi miongoni mwa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza walioivuka bahari ya Atlantiki ili wajenge jamii itakayoongozwa kwa Neno la Mungu. Siku moja ya Jumapili, watu wakielekea kanisani, ndege wake anatoroka. Hester anamfukuzia mpaka porini. Hilo peke yake ni kosa, kwa kuwa amekimbia na kucheza siku ya Bwana. Anatiwa miguu katika mkatale, ule ubao wenye matundu ya kuwabania wakosaji, ili kila apitaye amtazame. Anayemwonea huruma ni mchungaji Arthur Dimmesdale, kipenzi cha mji mzima. Huruma inageuka kuwa mapenzi. Mchungaji anapotaka wafunge ndoa, Hester anamfichulia kwamba ameshaolewa, kwa matakwa ya babake, na mtu ambaye sasa hajulikani aliko.

Mchungaji anatumwa Uingereza. Anaporudi, anamkuta Hester amejifungua mtoto wa kike na amesimamishwa juu ya jukwaa la adhabu katikati ya mji, na kifuani ameshonewa herufi A, nyekundu, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzinzi. Tena Dimmesdale, baba wa mtoto yule, ndiye anayetakiwa kusimama mbele ya umati amhimize mwanamke amtaje aliyemkosesha. Hester anakataa kumtaja. Tangu hapo mmoja anaibeba herufi kifuani mbele ya watu wote, na mwenzake anaibeba moyoni mahali pasipoonekana. Mume aliyepotea anarudi, anajificha chini ya jina la Roger Chillingworth, na kazi yake inakuwa kumtesa mchungaji polepole kwa siri anayoijua. Mwisho wake, Dimmesdale anapanda mwenyewe juu ya jukwaa lile lile, anakiri mbele ya mji mzima, anafungua shati na kuonyesha A iliyochomwa kwenye ngozi yake, kisha anafia mikononi mwa Hester.

Wengi huitazama kama hadithi ya mapenzi yaliyokatazwa, na si vibaya. Lakini mimi nakuomba uitazame kwa jicho la raia. Usiwatazame wapenzi wawili pekee, utazame umati. Tazama nyuso za wanaume kwa wanawake waliokusanyika mbele ya jukwaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhulumiwa na Hester. Hajaiba mali ya mtu, hajamwaga damu ya mtu. Na bado kila mmoja amekuja na fungu lake la adhabu: huyu jicho, yule kidole, mwingine ulimi. Jiulize: ni nani aliyewapa kazi hiyo?

Jibu la Wapuritani lilikuwa jepesi. Walisema kazi hiyo wamepewa na sheria, na sheria wamepewa na Mungu. Hapa inatupasa tuwatendee haki, kwa maana ni rahisi kuwacheka watu wa kale. Hawakuwa washenzi. Walikuwa wamekimbia mateso ya kidini nchini mwao. Boston waliianzisha mwaka 1630, na kufikia mwaka 1636 walikuwa wameshaanzisha chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1641 waliandika mkusanyiko wa sheria ulioitwa Body of Liberties, mojawapo ya hati za mwanzo za haki katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika. Humo wakakataza mtu kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja, wakakataza kumchapa mtu zaidi ya viboko arobaini, wakakataza adhabu za kinyama na za kikatili. Ukizisoma sehemu hizo utadhani unasoma katiba ya siku hizi.

Endelea kusoma, ufike kwenye orodha ya makosa ya kifo. Utakuta uabudu miungu mingine, uchawi, kumkufuru Mungu, na utakuta uzinzi. Kwa hiyo hati ile ile iliyokataza ukatili iliamuru wazinzi wauawe. Na hayakuwa maneno ya karatasini tu. Mwaka 1644, Mary Latham na James Britton walinyongwa Boston kwa kosa hilo. Gavana John Winthrop aliandika habari zao katika shajara yake. Mary alikuwa msichana wa miaka kama 18, aliyeolewa na mzee baada ya kumkosa kijana aliyempenda. Ukimlinganisha naye, Hester wa kwenye sinema amepata nafuu. Yeye ameachiwa uhai na kuvishwa herufi. Mary hakuachiwa hata hiyo.

Herufi nayo haikuwa ndoto ya mwandishi. Katika koloni jirani la Plymouth, sheria ya mwaka 1658 iliamuru wazinzi wachapwe viboko na washonewe herufi mbili, A na D, kwenye vazi la juu, mkononi au mgongoni. Hawthorne aliyajua mambo haya kwa sababu yalikuwa ya ukoo wake. Alizaliwa Salem mwaka 1804, na mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, ambamo watu 19 walinyongwa. Hata yule mama mwenye ulimi mkali, Mistress Hibbins, anayezunguka katika hadithi akichunguza ya wenzake, amepewa jina la mwanamke wa kweli. Ann Hibbins alinyongwa Boston mwaka 1656 kwa tuhuma za uchawi. Katika mji wa namna ile, kidole kinachomnyooshea jirani leo, kesho huweza kumgeukia mwenyewe.

Sasa nakuomba uzingatie jambo moja katika sheria ile ya 1641, maana ndilo linalotufikisha nyumbani. Sheria haikusema kwamba mzinzi ni kila aliyeoa au kuolewa akaenda nje ya ndoa yake. Ilisema uzinzi ni kulala na mwanamke aliyeolewa au aliyeposwa. Kipimo kilikuwa ndoa ya mwanamke. Mume wa mtu akienda kwa msichana asiye na mume, kosa lake liliitwa jina jingine na adhabu yake ilikuwa ndogo. Sheria, kwa maneno mengine, ilikuwa ikilinda mali ya mume, ikajifunika vazi la usafi wa jamii.

Usiseme hayo yalikuwa ya Wazungu wa karne ya 17. Nchini kwetu Uganda, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa na mwendo uo huo. Mke wa mtu akilala na mwanamume yeyote, ametenda kosa. Mume wa mtu alikuwa na kosa pale tu alipolala na mke wa mwenzake. Kifungu hicho kilitumika katika zama zetu, wengi wetu tukiwa watu wazima. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha, kwa sababu kilikwenda kinyume cha usawa wa mume na mke uliowekwa na Katiba ya mwaka 1995. Kutoka jukwaa la Boston hadi hukumu hiyo ni zaidi ya miaka 360. Mizani isiyo sawa huishi muda mrefu kama hakuna raia wa kwenda mahakamani kuiuliza swali.

Turudi kwenye sinema, maana nayo ilipitia jukwaa lake. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba sinema ni biashara tu, kwa hiyo haina kinga ya uhuru wa maoni walio nao magazeti na vitabu. Uamuzi huo ulidumu hadi mwaka 1952. Majimbo na miji iliweza kukata au kuzuia filamu, na tangu mwaka 1922 kampuni za Hollywood zilikuwa na chama chao, chini ya Will Hays, cha kuwatuliza walinzi wa maadili. Lillian Gish alipotaka kuigiza kisa cha Hester aliambiwa hakiruhusiwi. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikaa akaandika barua kwa vyama vya wanawake na vya makanisa, akajieleza, nao wakakubali kwa sharti kwamba awe dhamana yeye binafsi. Hapo pana somo zuri la uraia: hakutukana, hakukata tamaa, aliwatafuta waliopinga akazungumza nao.

Hata hivyo idhini hiyo ilikuwa na gharama yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na sinema ninayoipenda. Katika riwaya, mapenzi yenyewe yameshapita kabla ya ukurasa wa kwanza. Tunamkuta Hester akitoka gerezani na mtoto mkononi, wala mwandishi hatuombi tumsafishe kwanza ndipo tumhurumie. Sinema inarudi nyuma, inatuonyesha ndege, mkatale, matembezi ya wapenzi, ndoa ya kulazimishwa na baba. Hester anatakaswa kwa kila njia, hata mtazamaji mwenye moyo mgumu aseme: maskini, hakuwa na kosa. Sura ya Gish, na ule mwanga mwororo anaomulikwa, inakamilisha kazi hiyo.

Ni uzuri, lakini ni uzuri wenye hatari. Hebu tuseme Hester asingekuwa mzuri wa sura. Tuseme ndoa yake haikuwa ya kulazimishwa, ameipenda mwenyewe kisha akaivunja. Tuseme ni mtu mwenye maneno makali, asiyeomba radhi. Je, hapo ingekuwa haki kumsimamisha jukwaani saa nyingi na mtoto mchanga kifuani? Ikiwa jibu lako ni hapana, basi ujue kwamba utu wa mtu hautegemei usafi wake. Haki za raia hazikuwekwa kwa ajili ya wale tunaowapenda; wale tayari wana watetezi. Ziliwekwa kwa ajili ya yule ambaye mji mzima umeshaamua kwamba hastahili kitu.

Najua hoja itakayoletwa, nami naiheshimu. Wazee wetu watasema: mwalimu, ukiondoa aibu katika jamii umebakisha nini? Mtoto asiyeona haya atazuiwa na nani? Nao wana haki ya kuuliza. Lugha yetu yenyewe inatusaidia kujibu, maana Kiswahili hakikuyafunga mambo haya yote katika neno moja. Kuna haya, ambayo hukaa ndani ya mtu. Ni mlinzi anayemzuia kabla hajatenda. Mwenye haya akikosea, hutahayari, na kitenzi hicho hakihitaji mtu wa pili, kwa maana mtu hutahayari mwenyewe, hata akiwa peke yake chumbani. Halafu kuna fedheha. Hiyo hutoka nje. Mtu hufedheheshwa, na ukisema amefedheheshwa ni lazima yupo aliyemfedhehesha. Haya hulelewa na mzazi, na dini, na mwalimu, kwa miaka. Fedheha humwagwa na umati kwa dakika chache, na aghalabu huimaliza hata ile haya iliyokuwapo. Mtu aliyekwisha kuvuliwa nguo mbele ya watu, atastahi nini tena?

Sinema inalithibitisha jambo hili bila kusema neno. Herufi iliyoshonwa na mji haikumbadilisha Hester kuwa mwema. Wema wake alikuwa nao kabla, akabaki nao. Dimmesdale naye hakushonewa herufi na mtu. Aliyemtesa ni haya yake mwenyewe, nayo ndiyo hatimaye iliyompandisha jukwaani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Umati haukuchangia chochote katika toba yake, isipokuwa kumwongezea woga wa kukiri mapema. Ikiwa mji ule ungalikuwa mahali ambapo mtu anaweza kukosea, akakiri, akatengeneza alichoharibu na kuendelea kuishi, huenda mtoto yule angalimjua baba yake akiwa hai.

Nami nina habari ya kukiri, ndugu msomaji, kwa sababu si vyema niwanyooshee vidole watu wa Boston kisha nijifiche. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilifundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja ya gwaride, mwanafunzi wa kike aliitwa mbele. Alikuwa na mimba. Akasimamishwa juu ya kile kijiukuta cha bendera, wanafunzi wote wakimtazama, na ikasomwa hotuba ndefu juu ya maadili. Baadhi ya wanafunzi walicheka. Msichana hakulia, aliyatazama majani chini ya miguu yake. Hotuba ilipokwisha akapewa barua ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza habari za mwanamume. Hakuna aliyeuliza kama yule mtoto, maana alikuwa mtoto, alipenda au alilazimishwa.

Mimi nilikuwa katika safu ya walimu, hatua chache kutoka alipokuwa. Nilikuwa na tai mpya. Nilijiambia kwamba mimi ni mdogo kazini, kwamba wakubwa wanajua wafanyacho, kwamba nitazungumza baadaye ofisini. Sikuzungumza. Alikuwa mwanafunzi wangu wa insha, mwandiko wake ninaukumbuka mpaka leo, wa herufi ndefu zilizolalia kulia. Sikumwona tena.

Miaka kadhaa ikapita ndipo nikaitazama sinema hii kwa mara ya kwanza. Ilipofika pale mchungaji anapomhimiza Hester aseme, macho yangu hayakuweza kukaa juu ya wahusika hao wawili. Yaliwatafuta wale wanaume wenye kofia ndefu na kola nyeupe walioketi mahali pa heshima, wasiosema lolote. Niliijua nafasi yangu. Katika sinema bubu kila mtu yu kimya kwa sababu ufundi wa kutia sauti ulikuwa bado haujaenea. Mimi sauti nilikuwa nayo.

Tangu siku ile nimejifunza kuuliza maswali matatu kila ninapoona umati umekusanyika kumzunguka mtu mmoja, uwe umati wa uwanjani au wa kwenye simu. La kwanza: hiki alichotenda ni kosa la jinai, ni dhambi, au ni jambo lisilotupendeza tu? Kosa la jinai lina polisi na mahakama. Dhambi ina toba na viongozi wa imani. Jambo lisilotupendeza halina hakimu. Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Wengine huiona ibara hiyo kana kwamba ni dharau kwa dini. Mimi naiona kama ukuta unaozilinda pande zote mbili, serikali isigeuke mimbari, na mimbari isigeuke gereza. Massachusetts yenyewe iliacha kuwalazimisha wananchi kuchangia makanisa mwaka 1833, na makanisa hayakufa.

Swali la pili: hata kama ametenda kosa la jinai, adhabu hii imetoka wapi? Ibara ya 28 inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe. Ibara ya 24 inakataza mateso na adhabu za kikatili, zisizo za kibinadamu au zenye kumdhalilisha mtu. Tena ibara ya 44 inasema katazo hilo haliwezi kusimamishwa hata katika hali ya hatari. Kumvua mtu nguo sokoni, kumtembeza na bango shingoni, kumpiga picha akilia na kuisambaza, si ukali wa sheria. Ni uvunjaji wa sheria unaofanywa na watu wengi kwa pamoja, ndiyo maana hakuna anayejiona mvunjaji.

Swali la tatu ndilo gumu: yuko wapi yule mwingine? Kila mara umati unapomweka mtu mmoja jukwaani, yupo mtu ambaye hakuitwa. Mara nyingi ana cheo, au fedha, au joho. Wakati mwingine yeye ndiye anayesoma hotuba. Herufi ya Hester iliwafaa sana wakubwa wa Boston, kwa kuwa macho yote yalipokuwa kifuani mwake, hakuna aliyekuwa akitazama kwingine.

Nimetaja simu, na sitaki nipite upesi. Jukwaa la Boston lilikuwa na ubora mmoja kuliko letu: lilikuwa na mwisho. Jua likizama, watu walirudi majumbani. Picha inayosambazwa leo haizamiwi na jua. Mtu anaweza kuhama mji, akabadilisha kazi, akazaa na kulea, na siku mtoto wake atakapojua kusoma, akakuta mama yake bado amesimama pale pale. Kibaya zaidi, mshonaji wa herufi hajulikani. Ni mimi niliyeituma kwa watu watatu, ni wewe uliyeituma kwa kundi la ukoo, ni yule aliyeongeza maneno ya kuchekesha chini yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hatuutambui uchungu wake mpaka jina liwe la nyumbani kwetu.

Basi nakuomba mambo madogo, maana makubwa hutokana na hayo. Ukiletewa picha ya mtu anayefedheheshwa, iishie kwako. Ukiwa mzazi au mjumbe wa kamati ya shule, ulizia wanafunzi hutendewaje wakikosea, na usikubali jibu la kwamba ni siri ya ofisi. Ukiwa kiongozi wa dini, kumbuka kwamba Dimmesdale alihubiri vizuri kuliko wote. Ukiwa mwalimu kijana, mwenye tai mpya, hujazoeleka kazini, na asubuhi moja gwarideni mambo yakaanza kwenda yasivyostahili kwenda, toka kwenye safu. Huhitaji hotuba. Tembea tu, ukasimame karibu naye.

Kuhusu sinema yenyewe, tangu mwaka 2022 muda wa hakimiliki yake umekwisha nchini Marekani, kwa hiyo si vigumu kuipata. Itazame na watoto wako wakubwa au na wanafunzi wako; ni ya saa moja na nusu na kidogo. Mtagundua kwamba ububu wake ni msaada darasani, kwa sababu hakuna anayehitaji kujua lugha ngeni ili asome uso. Lars Hanson, aliyemwigiza mchungaji, alikuwa Mswidi, na inasimuliwa kwamba mbele ya kamera alikuwa akisema Kiswidi huku Lillian Gish akimjibu kwa Kiingereza. Mtazamaji hagundui lolote.

Mtakapomaliza, msiwaulize kwanza kama Hester alikosea. Hilo kila mtoto ana jibu lake, na majibu yatatofautiana kwa kadiri ya nyumba na imani. Waulizeni hivi: kama ungalikuwa Boston siku ile, ungalisimama wapi? Kisha nyamazeni, muwape muda. Mimi jibu langu nimekwisha kukuambia, na si jibu ninalojivunia. Natamani wao wawe na jingine.